Kibao kimesimama, mtaa haujui: tujadili vibao vya habari za ujenzi katika mitaa ya Lubumbashi

Mkaaji wa Katuba (mwanzishaji wa uzi)

Ndugu wana jukwaa, hasa ninyi wa Lubumbashi, na wale wa Goma, Bukavu, Likasi na Kolwezi mnaotusoma, ninaomba tuzungumze kwa utulivu juu ya jambo linaloonekana dogo.

Kwenye kona ya barabara yetu huku Katuba kumesimikwa kibao kikubwa cha chuma, miguu yake miwili ikiwa imezikwa katika zege. Kimeandikwa Kifaransa kitupu: jina la mradi, mfadhili, mkandarasi, ofisi ya usimamizi, gharama kwa dola na muda wa kazi kwa miezi. Nimekisoma mara nyingi nikingoja basi, na sijawahi kupata ndani yake jibu la swali ambalo mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, kwenye kivuli cha kibao hicho hicho huniuliza kila akiniona nimekikodolea macho: "Papa, kinasema barabara itapita wapi?" Hakisemi. Anayekaa chini yake tangu asubuhi hadi jua linapozama ndiye asiyeambiwa kitu.

Wiki chache baadaye walipita vijana wenye vyombo vya kupimia na kopo la rangi nyekundu. Waliacha alama na tarakimu kwenye kuta za malupango, yaani viwanja vyetu vya nyumba, wakaenda zao. Jirani yangu, mjane ambaye angeweza kuwa mama yangu mdogo, alidhani wanahesabu nyumba kwa ajili ya umeme. Ukuta wake ulikuwa umeinama kwa mvua, na zamu yake ya likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana, ilipofika aliujenga upya kwa matofali ya kuchoma, akaupaka chokaa. Kumbe alikuwa amejenga mahali ambapo mtaro wa maji utapita. Alipokuja kuelezwa, tarehe ya kuhesabu mali za kulipwa fidia ilikuwa imekwisha kupita, na ukuta mpya haukuingia kwenye orodha. Hakuna aliyemdanganya. Habari ilikuwepo, katika faili fulani, na pengine ilisomwa katika mkutano fulani, ila haikuwa mahali ambapo macho yake hupita.

Wapangaji wa miji wana jina moja kwa vitu vyote vinavyosimikwa barabarani kwa matumizi ya watu: mabenchi, vibanda vya kungojea basi, nguzo za taa, mapipa ya taka, vibao. Huviita samani za barabarani, kana kwamba mtaa ni nyumba nasi tumo sebuleni. Jina hilo linanipendeza, kwa sababu ndani ya nyumba hakuna mtu anayeweka kiti ambacho wenyeji hawawezi kukikalia. Kibao chetu ni kiti cha mgeni. Kinazungumza na mkaguzi atakayeshuka kwenye gari, akipige picha, aiweke kwenye ripoti.

Ninachotaka ni kibao kinachomwezesha mtu aliyesimama mbele yake kujua kama mstari wa barabara unagusa lupango lake au unalipita kando. Kiwe na ramani iliyochorwa kwa alama tunazozijua, yaani kanisa, bomba la maji, shule, ule mwembe wa kona, na si kwa nambari za vipimo. Kiseme kwa Kiswahili ni lini kuhesabu mali kunaanza na lini kunakwisha, malalamiko yanapelekwa kwa nani na siku gani anapatikana, tena kionyeshe tarehe ambayo maandishi yake yalibadilishwa mara ya mwisho. Katiba yetu inaihesabu lugha hii miongoni mwa lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sielewi kwa nini inafaa kwa kampeni za uchaguzi na haifai kwa kumwambia mtu kwamba ukuta wake utabomolewa.

Karibuni.

Wakili mstaafu, Bel-Air

Ndugu mwanzishaji, nimeusoma mchango wako kwa makini, na ninaomba nikuongezee upande wa sheria, kwa maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Ibara ya 34 ya Katiba ya 2006 inalinda mali ya mtu, na hairuhusu aondolewe mali hiyo isipokuwa kwa manufaa ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki inayotangulia. Utaratibu wenyewe umo katika sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, ambayo inataka uamuzi utangazwe katika Gazeti Rasmi na mwenye haki apelekewe barua ambayo kupokelewa kwake kunathibitishwa. Tazameni njia hizo mbili. Gazeti Rasmi hutolewa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, na sijawahi kuliona likiuzwa kwenye meza ya magazeti. Barua nayo inahitaji jina lililo kwenye hati, na malupango mangapi ya Katuba, Kenya (ile sehemu ya mji wetu, si nchi) au Ruashi yana hati yenye jina la mtu anayeishi humo leo? Marehemu baba ndiye aliyeandikwa, watoto 7 ndio wanaokaa.

Nitoe mfano wa Ufaransa, ambako nimewahi kusomea. Huko mtu akipata kibali cha kujenga, analazimika kuweka kwenye kiwanja kibao chenye pande zinazozidi sentimita 80, kinachosomeka kutoka barabarani. Jirani anayetaka kupinga kibali mahakamani ana miezi 2, na miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya kwanza kibao kilipoonekana, kwa sharti kwamba kimebaki mahali pake miezi 2 mfululizo. Maana yake ni kwamba kibao kikianguka au kikifunikwa na mchanga, saa ya mjenzi haitembei. Ndiyo sababu mjenzi mwenyewe hukilinda, na wengi humlipa ofisa wa mahakama aje kushuhudia kwamba kipo. Kwetu kibao kikianguka, ni nani anayepata hasara? Hakuna. Kwa hiyo kinaanguka.

Mpangaji wa Ruashi

Papa wakili, umesema vizuri, lakini ninyi nyote mnazungumza juu ya mwenye lupango. Sisi wapangaji je? Mwenye lupango anaweza kuwa anaishi mjini au hata Kolwezi. Barua ikimfikia ataiweka mfukoni na kuendelea kupokea kodi yetu hadi asubuhi ile mashine inapofika. Mimi nina cherehani na meza ya kushona mbele ya nyumba nisiyoimiliki. Kibao cha barabarani ndicho tangazo pekee ambalo mwenye nyumba hawezi kulificha.

Kuhusu gharama, nina pendekezo. Mji umejaa mabango ya bia na ya kampuni za simu, yenye taa usiku kucha mahali ambapo nyumba hazina umeme. Kwa nini wanaopewa ruhusa ya kuyasimika wasilazimishwe kuacha upande mmoja kwa habari za mtaa? Nimesikia kwamba Ulaya vibanda vya basi vinajengwa kwa fedha za matangazo.

Mkaaji wa Katuba (mwanzishaji wa uzi)

Ni kweli, na biashara hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1855 mpiga chapa Ernst Litfaß alianza kusimamisha Berlin nguzo nene za kubandikia matangazo, kwa sababu watu walikuwa wanabandika karatasi popote. Paris ilifuata na nguzo za Gabriel Morris mwaka 1868. Vibanda vya basi unavyovisema vilianza Lyon mwaka 1964, kampuni ya JCDecaux ilipovitoa kwa mji ili yenyewe iuze nafasi ya matangazo.

Ila ninaogopa jambo moja. Mtangazaji hulipia macho ya wenye fedha. Atakubali kona ya katikati ya mji, penye magari, lakini hatalipia njia ya vumbi huku kwetu, na huku ndiko kunakovunjwa. Tukiitegemea bia ituletee habari, habari zitafika kule zisikohitajika. Kuhusu wapangaji nimekosolewa kwa haki. Niliandika kama mwenye nyumba.

Jirani wa Goma

Ninawasalimu kutoka kaskazini. Sisi wa Goma tumeishi miaka mingi na kibao cha aina hiyo, ingawa hakihusu barabara. Baada ya mlima wa moto wa Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ukapasua mji hadi ziwani, viliwekwa mjini vibao vya tahadhari vyenye rangi 4: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa. Anayepita na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, amebeba viazi hahitaji kusimama. Anatupa jicho, anaona rangi, anaendelea. Ninaamini hakuna samani ya barabarani nchini mwetu iliyoeleweka haraka kuliko hiyo, na nadhani sababu ni kwamba ilijibu swali moja tu ambalo kila mtu alikuwa nalo.

Sasa niwape upande wa pili. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulifunguka bila tahadhari kutangulia. Tulijua kwa kuona anga limekuwa jekundu, si kwa kuona rangi ya kibao. Siku 5 baadaye, tarehe 27, amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji ilitangazwa, watu wakajaza njia ya Sake na mipaka ya Rwanda. Sisemi haya kuwalaumu walinzi wa mlima, ambao kazi yao ni ngumu. Ninasema kwamba nyuma ya kibao lazima kuwe na mkono, na nyuma ya mkono kuwe na mtu mwenye vyombo, mshahara na ruhusa ya kusema. Tangu siku ile, nikiona kibao chochote, huuliza kwanza: nani hukibadilisha, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Nimefurahi kuona kwamba ndugu wa Katuba amedai tarehe hiyo iandikwe. Ningeshauri iandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la mfadhili.

Wakili mstaafu, Bel-Air

Ndugu wa Goma amenikumbusha jambo. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia hufuata masharti yaliyoanza kutumika Oktoba 2018. Sharti la 5, linalohusu kuchukua ardhi na kuhamisha watu, linataka tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali isambazwe katika eneo lote la mradi, pamoja na kubandika maonyo kwamba atakayekuja kukaa baada ya tarehe hiyo anaweza kuondolewa. Sharti hilo linawatambua hata wasio na hati. Kwa hiyo, mpangaji wa Ruashi, mradi ukiwa wa aina hiyo, unayo haki ya kuuliza onyo lilibandikwa wapi na kwa lugha gani. Uliza kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Mwana Bukavu

Mnazungumza kama watu wa tambarare. Huku Kadutu, kibao kikisimikwa chini kwenye lami, wakazi wa mlimani hawakioni mwezi mzima, kwa sababu wao hupanda na kushuka kwa vijia na ngazi za udongo. Nyumba zinazotiwa msalaba mwekundu ni zile za kwenye mikondo ya maji, mbali na barabara ya gari. Kabla ya kujadili ukubwa wa kibao, fuateni kwanza nyayo za wanaochota maji. Mahali zinapokutana ndipo pa kusimika. Na muweke benchi, kwa sababu mama mwenye bidoni ya lita 20 kichwani hasomi akiwa wima.

Mkaaji wa Katuba (mwanzishaji wa uzi)

Benchi nilikuwa sijalifikiria, na sasa ninaona kwamba bila benchi kibao ni nusu. Wale tunaowaita wabunge wa kusimama, wanaokusanyika kwenye meza za magazeti, husoma vichwa vya habari kwa jicho moja na kubishana kwa mdomo. Kinachowafundisha ni ubishi. Mtu asiyesoma akiketi kwenye benchi atasikia anayesoma akibishana na jirani, na ataondoka na habari.

Niseme pia juu ya njia isiyohitaji kusoma kabisa. Katika sehemu nyingi za Uswisi, kabla kibali cha kujenga hakijatolewa, mwombaji husimamisha kiwanjani miti mirefu inayoonyesha pembe na urefu wa jengo litakalokuwa, mpaka majirani wanaliona jengo kwa hewa tupu kabla halijaja. Nilipopata habari hiyo niliwaza mara moja miti ya mikaratusi, ambayo kila fundi wa hapa anayo kwa ajili ya jukwaa la kupigia plasta. Ni miti mingapi inahitajika ili kuonyesha upana wa barabara mpya pande zote mbili, kila hatua 50, na kamba ya rangi kati yake? Jirani yangu mjane asingeweza kujenga ukuta juu ya kamba. Alama nyekundu ya ukutani ni siri ya mpimaji. Kamba ingemwonyesha kila mtu mstari ule ule, na ikikosewa, mtaa mzima ungeona kosa na kulisema kabla ya tingatinga.

Nitoke kidogo nje ya njia. Mji huu, tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, ulichorwa kwa rula na watu waliojua vizuri sana kuonyesha mpaka kwa macho. Ukanda mtupu uliotenganisha mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika haukuhitaji kibao. Kila mtu aliuelewa kwa miguu yake. Ujuzi wa kuonyesha mstari tulikuwa nao zamani, ila ulitumika kutuzuia.

Mchora vibao, Kenya

Wakubwa, mimi ndiye ninayechora mnayoyasoma kwenye kuta za saluni na maduka ya dawa, basi niruhusuni niseme la ufundi.

Kwanza, chuma hakifai. Kibao cha chuma hapa hakimalizi msimu kabla hakijawa sufuria au mlango wa mtu. Karatasi nayo haifai, kwa sababu kuanzia Novemba mvua huinywesha hata ikiwa ndani ya plastiki, na kiangazi vumbi jekundu huifuta. Ufaransa wanabandika karatasi za manjano kutangaza uchunguzi wa umma, na zinapendeza, lakini hawana vumbi letu. Kinachodumu ni ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, uliopigwa plasta laini, wenye kijipaa cha bati na kiti cha matofali chini yake. Hakuna wa kuuiba. Nusu ya ukuta ipakwe rangi ya mafuta kwa ajili ya ramani, ambayo haibadiliki mara kwa mara. Nusu nyingine ipakwe rangi nyeusi ya ubao wa shule, ili tarehe ziandikwe kwa chaki au rangi nyeupe na kufutwa.

Pili, ramani ya mhandisi haisomeki na watu wetu, lakini picha wanaisoma. Mji huu ulikuwa na wachoraji wa ukumbusho miaka ya 1970, akina Tshibumba Kanda Matulu, ambao waliuza historia nzima ya nchi kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na watu walizitundika sebuleni na kuzieleza kwa wageni. Nipeni mhandisi mmoja atembee nami asubuhi moja, anioneshe mstari, nami nitachora barabara hiyo ikiwa na kanisa lake, bomba lake na mwembe wake, kila mtu ajione.

Neno la tatu ndilo linaloniuma. Kuchora siku ya kwanza watanilipa, kwa kuwa patakuwa na wageni na kamera. Nani atanilipa siku ya kurudi kubadilisha tarehe, wakati kazi imechelewa na hakuna anayetaka kuchelewa huko kuonekane?

Wakili mstaafu, Bel-Air

Fundi ameuliza lililo gumu. Jibu langu ni lile la saa: malipo ya mkandarasi kwa kila hatua yasitoke mpaka picha ya ubao wenye tarehe ya mwezi huo iwe imeambatanishwa na saini ya mkuu wa mtaa na ya wakazi 2, mmoja wao mpangaji. Hapo mkandarasi ndiye atakayekutafuta, fundi, na tena atakuja na kopo la rangi mkononi.

Mpangaji wa Ruashi

Papa, mkuu wa mtaa atasaini akiwa nyumbani kwake.

Wakili mstaafu, Bel-Air

Inawezekana. Ndiyo maana nimesema na wakazi 2, na picha ionyeshe wote wakiwa wamesimama mbele ya ukuta.

Mkaaji wa Katuba (mwanzishaji wa uzi)

Nimezungumza jana na mwenye lupango la kona, lile lenye bomba la maji, na amekubali upande wa nje wa ukuta wake utumike kwa majaribio hata kabla ya mradi kujibu lolote. Mkuu wa mtaa hakukataa. Aliomba tu tusiandike kiasi cha fedha. Tutaanza na mambo mawili tuliyo nayo kwa hakika: mahali zilipo alama nyekundu, tumezihesabu zote upande wetu, na siku ambazo ofisi ya malalamiko iko wazi. Mama wa makala amesema atahamisha gunia lake kutoka chini ya kile kibao cha chuma, aje kukaa pale kwenye bomba, kwa sharti kwamba benchi lisizidi urefu wa magoti yake.

Fundi wa Kenya, ukuta una hatua 6 kwa upana, na plasta yake imepasuka upande wa kushoto. Njoo Jumamosi asubuhi uupime.

Mchora vibao, Kenya

Nitakuja. Tafadhali mmwagie maji ukuta Ijumaa jioni, na chokaa ya zamani ikwanguliwe kabla sijafika.